Hata "Hatujui" ni Habari

Jirani yangu wa Wete alikuwa anakuna nazi simu ilipolia. Ilikuwa asubuhi ya Ijumaa, wali wa mchana haujabandikwa, naye amekaa juu ya mbuzi, kifuu mkononi. Aliyepiga ni wifi yake aliyeko Unguja, akamuuliza kama amesikia. Hakuwa amesikia. Akaambiwa kambi aliyokuwemo mumewe, ambaye ni askari, huko nje ya nchi, imevamiwa usiku, wapo waliokufa na wapo ambao hawajulikani walipo. Wifi hakuwa na jina la mtu hata mmoja. Habari yenyewe aliiona kwenye kundi la WhatsApp, na huko nako ilikuwa imetoka kwengine.

Nilipoingia mimi, karibu na adhana ya adhuhuri, nusu ya nazi ilikuwa ingali ndani ya kifuu, imekunwa upande mmoja tu. Ilibaki pale pale hadi Jumapili, ikageuka rangi, ikaota ute. Wanawake tulikuwa tukiingia na kutoka mle ndani tangu asubuhi mpaka usiku, na hakuna aliyethubutu kuiondoa. Kuiondoa kulikuwa kama kusema kazi ile imekwisha.

Alisubiri siku tano. Siku ya tano alipigiwa na mumewe mwenyewe, kwa simu ya kuazima, akiwa amelazwa hospitali. Hakuiamini sauti. Alimtaka ataje jina analomwita wakiwa wawili tu, alipolitaja ndipo akaanza kulia. Kwake yeye mambo yaliishia kheri, na namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini miaka imepita, na kila tukikaa tukilizungumza, kinachomuuma hakijabadilika: siku zote tano hakuja mtu. "Wangekuja tu wakanambia hawajui," husema. "Ningejua angalau kuna watu wanamtafuta."

Nimelibeba neno lake hilo kwa muda mrefu, na leo nalisimamia. Mke wa askari aliyepotea vitani ana haki ya kuambiwa, hata pale ambapo la kuambiwa ni kwamba hakuna anayejua. Aambiwe yeye, kwanza, nyumbani kwake, na mtu anayeonekana uso. Kisha aambiwe tena, na tena, hadi kijulikane kitu.

Sisi watu wa visiwa hivi tunaamkiana kwa neno habari. Habari za nyumbani, habari za watoto, habari za huko alikokwenda bwana. Jibu ni njema, halafu ndipo mtu aseme la kwake. Mke wa aliyepotea anaulizwa hivyo mara thelathini kwa siku, dukani, njiani, mlangoni kwa skuli anapompeleka mtoto. Akisema njema amesema uongo. Akisema mbaya, amemtangulizia mumewe kifo kwa mdomo wake. Jirani yangu aliacha kutoka kwa sababu hiyo. Watu wakadhani ni huzuni imemlemea, kumbe alikuwa akiikimbia salamu.

Wazanzibari wamevaa sare za Jeshi la Wananchi tangu lilipoundwa Septemba 1964. Wamepigana Vita vya Kagera mwaka 1978 na 1979. Baada ya Baraza la Usalama kupitisha Azimio namba 2098 mwaka 2013 na kuanzisha kikosi maalumu cha Tanzania, Afrika Kusini na Malawi huko Kongo, wamekwenda Kivu pia. Tarehe 7 Disemba 2017 kambi ya walinda amani Watanzania ilishambuliwa Semuliki, eneo la Beni. Katibu Mkuu António Guterres alilitaja kuwa shambulio baya kabisa dhidi ya walinda amani katika historia ya karibuni ya Umoja wa Mataifa. Baadhi ya waliouawa walikuwa watoto wetu wa visiwani. Mwezi uliofuata, Umoja wa Mataifa ulipotangaza uchunguzi wake, hesabu ilikuwa hivi: 15 wamekufa, 43 wamejeruhiwa, na mmoja hajulikani alipo.

Mtu akiisoma hesabu hiyo harakaharaka, mmoja ni mdogo mbele ya 15. Mimi nimekuwa nikisimama hapo kwenye mmoja. Zile nyumba 15 zilipata majeneza yaliyofunikwa bendera, zikapata makaburi, zikapata siku ya kuanza kuhesabu. Nyumba moja ilipata neno "hajulikani". Sijui ni wapi na sitaitafuta, wala mwandishi yeyote asiende kubisha hodi pale bila ya kuitwa. Lakini mahali pa kuanzia kufikiri juu ya jambo hili ni pale.

Mwenye kufiwa, kwetu, ana mahali pake pa kukaa. Majirani wanajua la kufanya hata kabla ya kuambiwa: mikeka inatandikwa, ubani unafukizwa, wanaume wanakaa barazani, wanawake wanaingia ndani, mwenye sufuria kubwa analileta. Mjane anakaa eda yake miezi minne na siku kumi. Anajua asivae nini na asitoke lini, anajua na siku ya kutolewa eda. Ni mzigo, naam, lakini ni mzigo uliokatwa kwa kipimo, na mji mzima unamsaidia kuubeba. Khitma inasomwa, watu wanakula, wanaitikia amin.

Aliyepotelewa hana hata kimoja katika hivyo. Mikeka haitandikwi, kwa maana kuitandika ni kumzika mtu aliye hai pengine. Watu wanakuja mmoja mmoja, wanakaa kidogo, wanaaga. Nyumba yake haina kilio wala haina furaha, na sisi tuliozoea kuingia kwa watu kwa sababu moja kati ya hizo mbili tunakosa mlango wa kuingilia. Baada ya wiki mbili wanabaki ndugu. Baada ya mwezi anabaki mama yake mzazi.

Tuliwahi kuuonja msiba wa namna hii, tena sote kwa pamoja. Mv Spice Islander ilipozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, karibu na Nungwi, ikiwa safarini kwenda Pemba, wengi waliokuwemo hawakupatikana hadi leo. Pemba iliingia katika msiba ambao nusu yake haukuwa na maiti. Hata hivyo bahari ina hukumu yake. Aliyepanda meli ile na hakuonekana baada ya siku kadhaa, moyo ulikubali polepole, kwa kuwa kila mtu alijua maji yanafanya nini. Na waliosubiri walisubiri wengi, bandarini, bega kwa bega. Mke wa askari anasubiri peke yake, na msitu wa Kivu hauna hukumu kama ya bahari. Mtu anaweza kutekwa. Anaweza kuwa amepotea njia na kuhifadhiwa na wanakijiji. Anaweza kuwa hospitali asijue hata jina lake. Kila mlango wa matumaini uko nusu wazi, na upepo wake haumwachi alale.

Kuna mwanasaikolojia wa Marekani, Pauline Boss, ambaye miaka ya 1970 alifanya utafiti kwa familia za wanajeshi waliopotea katika vita vya Vietnam, akaupa msiba huu jina, ambalo sisi tungesema msiba usio na uhakika. Alichokiona ni kwamba mtu haganduki mahali pamoja kwa udhaifu wake. Kinachomgandisha ni hali yenyewe, kwa sababu haina mwisho wa kuushika. Nilipomsomea jirani yangu maelezo hayo kwa Kiswahili alitikisa kichwa, akasema hayo yeye aliyajua kabla ya Jumapili ile.

Wake wa Marekani wenyewe walipitia jambo jengine la kutazamwa. Miaka ya mwanzo ya vita hivyo waliambiwa na serikali yao wanyamaze, wasizungumze na magazeti, kelele zitawadhuru waume zao. Wakanyamaza. Sybil Stockdale, ambaye mumewe James, rubani wa jeshi la majini, aliangushwa na kutekwa Septemba 1965, alikuwa miongoni mwa waliochoka. Akawakusanya wenzake, na mwaka 1970 wakaanzisha rasmi umoja wa familia za mateka na waliopotea. Mwaka 1973 mateka 591 walirudi nyumbani, James Stockdale akiwemo. Zaidi ya elfu moja mpaka leo hawajajulikana walipoishia, na serikali ya nchi hiyo bado inafukua na kupima mifupa. Sisemi haya ili tuige. Nataka tuone kwamba hata nchi yenye fedha na ndege nyingi kiasi kile haikuwapa wake wa askari wake habari hadi wake wenyewe walipozidai.

Sisi tunacho chombo ambacho wao hawakuwa nacho, na hapa ndipo ninapoona tumelala. Fiqhi ya Kiislamu inamjua mtu huyu. Ana jina, mafkudi, aliyetoweka na hapajulikani kama yu hai au amekufa, na mkewe ana mlango wake katika vitabu. Imepokewa kwamba Sayyidna Omar alihukumu mke wa namna hiyo asubiri miaka minne, kisha akae eda ya kufiwa, kisha ana ruhusa ya kuolewa. Madhehebu ya Maliki yalishika hivyo. Kutoka kwa Sayyidna Ali imepokewa kwamba huyo ni mwanamke aliyepewa mtihani, asubiri mpaka imjie yakini ya kifo au ya talaka. Imamu Shafi, ambaye wengi wetu hapa tunafuata madhehebu yake, ana kauli mbili: ya zamani, ya Baghdad, ni ile ya miaka minne, na mpya, ya Misri, ni ya kusubiri yakini. Baadhi ya wanazuoni wa madhehebu hayo hayo wakaja wakasema kwamba kama mume hajulikani alipo na hakuacha cha kumtunza mkewe, mke anaweza kumwendea kadhi akafasikhiwa ndoa, yaani kadhi aivunje.

Watazame walivyokuwa wakilifikiri jambo hili. Mali ya mafkudi haigawiwi, anahesabiwa yu hai. Akifa baba yake, fungu lake la mirathi linawekwa kando mpaka ijulikane. Mkewe anaendelea kutunzwa kwa mali yake. Waliuliza hata swali ambalo wengi wetu tunaogopa kuliuliza, akirudi na kumkuta mke ameolewa itakuwaje, na imepokewa kwamba Omar alimpa mume wa kwanza hiari baina ya mkewe na mahari. Watu hawa walikaa wakamfikiria mwanamke huyu kwa marefu na mapana zaidi ya miaka elfu moja iliyopita.

Liko na hili ambalo wachache wanalijua, nami nilipoambiwa na maalim mmoja lilinikata maini. Kwa rai ya wanazuoni walio wengi, eda inahesabiwa tangu siku ya kifo chenyewe, hata kama mke hakujua. Maana yake, mwanamke akiletewa habari miezi mitano baada ya mumewe kuuawa, hana tena eda ya kukaa. Imekwisha bila yeye. Alikuwa akienda sokoni, akisuka ukili, akicheka na watoto, kumbe ni mjane anayemaliza eda yake. Anayechelewesha habari, kwa sababu yoyote ile, ajue kwamba hicho ndicho anachomnyang'anya.

Hapa Zanzibar Mahakama ya Kadhi ni mahakama ya dola, ina sheria yake mpya ya 2017, na ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu ziko mikononi mwake. Bara wenzetu wana Sheria ya Ndoa ya 1971, inayosema mtu asiyesikika kwa miaka mitano na wale ambao wangetarajiwa kumsikia anachukuliwa kuwa amekufa, mpaka ithibitike vyengine. Sheria hiyo haivuki bahari kuja kwetu. Basi mke wa askari aliyeoa Pemba na kuishi kambini Bara yuko chini ya sheria ipi? Nani amekaa naye akamweleza? Nimewauliza wanawake kadhaa walioolewa na askari kama wamewahi kulisikia neno mafkudi. Mmoja alilijua, na babake alikuwa sheikh.

Kwa hiyo lile pengo linajazwa na wengine. Mama mkwe anasema asubiri maisha yake yote, huo ndio uaminifu. Shemeji anasema amekwishakufa huyo, atoke katika nyumba ya mwanafamilia. Jirani anamshauri akatazamiwe, na anakwenda, si kwa kuwa haamini Mungu, anakwenda kwa sababu mpiga ramli ndiye mtu pekee anayekubali kumjibu. Nimeona mwanamke msomi, mwalimu wa skuli, anatoa elfu thelathini aambiwe mumewe yuko mahali penye maji. Kongo nzima ina maji.

Na ipo karatasi. Kila askari hujaza jina la mtu wa kupewa habari likitokea la kutokea. Kijana akiingia jeshini hajaoa huandika jina la mama au la kaka. Anaoa, anazaa, karatasi haibadiliki. Wengine wana wake wawili, bi mkubwa Unguja na mdogo Micheweni au Konde, na kwenye karatasi yupo mmoja, au hayupo hata mmoja. Habari inapokuja inafuata karatasi. Ukitaka kujua kwa nini baadhi ya wajane husikia kwa watu, anzia hapo, kabla hujamlaumu yeyote. Kila anayesafirishwa kwenda mission aketishwe na karatasi hiyo mbele yake kabla hajapanda ndege, iandikwe upya, wake wote, namba zao zote, na shehia wanazoishi. Kazi ya dakika kumi.

Hali ni ile ile kwenye fedha. Umoja wa Mataifa hulipa fidia ya mlinda amani aliyekufa kupitia serikali yake, na fidia hiyo inataka uthibitisho wa kifo. Aliyepotea hana cheti. Watoto wake wanakula kila siku.

Najua jibu nitakalopewa, na lina uzito wake. Vita vina siri. Ukisema fulani hajulikani alipo, adui anaweza kujua kuna mtu porini wa kumsaka, na ukimtangaza aliye mikononi mwao umepandisha bei yake. Nakubali. Lakini kumwambia mke, chumbani kwake, kwamba mumewe hajahesabiwa katika waliorudi na anatafutwa, hakumfichulii adui kitu asichokijua. Adui alikuwepo usiku ule. Asiyejua ni mke. Na jambo lisipotoka kwenye mdomo wenye dhamana, mchana haufiki limeshatoka kwenye simu za watu, likiwa na picha za maiti za vita vyengine kabisa.

Haki hii hata mataifa yameiandika. Itifaki ya Kwanza ya 1977 ya Mikataba ya Geneva inataja haki ya familia kujua yaliyowafika jamaa zao. Juni 2019 Baraza la Usalama lilipitisha Azimio namba 2474, la kwanza la aina yake juu ya watu wanaopotea vitani. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ina wakala wa kutafuta watu ambao mizizi yake inarudi hadi vita vya Ufaransa na Prussia mwaka 1870. Milango ipo. Ni nani aliyemwambia mwanamke wa Micheweni kwamba naye anaweza kuibisha?

Ninachokiomba hakihitaji bajeti mpya. Mtu mmoja, anayejulikana kwa jina na sura, mwenye cheo cha kuaminika, apewe nyumba hiyo. Aje na sheha, na aje na mwanamke. Avue viatu, akae. Aseme kinachojulikana na kisichojulikana. Aseme atarudi lini, na siku hiyo arudi, hata akiwa mikono mitupu. Amwambie kuna kadhi, na kwamba kumwendea kadhi kuuliza si kumuua mume. Jengine lolote, miaka ya kungoja, eda, kuolewa au kutoolewa, liachwe kwake yeye na dini yake, asisukumwe na mama mkwe wala na afisa anayetaka kufunga faili.

Watu humwambia subira yavuta heri. Nami nilimwambia hivyo hivyo Ijumaa ile, nikiwa nimesimama kando ya mbuzi yenye nazi, sina jengine la kusema. Sasa naona nilimpa kamba isiyofungwa popote.

Januari 2025 Goma, mji wa mashariki ya Kongo, ilipoanguka mikononi mwa waasi, na wanajeshi wa Tanzania, Malawi na Afrika Kusini wakakwama ndani ya kambi zao, simu za huko zikawa haziingii. Mtaa wa tatu kutoka kwetu kuna msichana aliyeolewa mwaka uliotangulia, mumewe alikuwa huko. Jirani yangu alivaa buibui lake siku ile ile akaenda. Nilifuatana naye. Msichana alipomwona mlangoni alidhani ni msiba, akashika ukuta. "Sina habari, mwanangu," jirani yangu akamwambia haraka, kabla hata ya salamu. "Nimekuja kukwambia kuwa sina." Kisha akaingia, akauliza kama amekula, akakaa mpaka magharibi.

Kesho yake alikwenda tena, hana habari vile vile.